Sisimizi Hadanganyi

Baba yangu tulimzika mara mbili. Mara ya kwanza tulizika mguu wake wa kulia, yeye mwenyewe akiwa hai wodini, akiulizia kama shimo limekwenda chini vya kutosha ili mbwa wasije wakaufukua. Mara ya pili tulimzika yeye, au niseme yeye aliyebaki, pembeni ya ule mguu, hapahapa Kibiti. Watu wakinipa pole husema, sukari imemaliza wazee. Naitikia tu. Nikianza kuwaeleza habari za uyoga na sisimizi na majivu, vitumbua vyangu vitaungua.

Ndiyo kazi yangu, vitumbua. Naloweka mchele, nasaga, natia tui la nazi, iliki, hamira na sukari, nauacha uumuke, alfajiri niko kwenye karai karibu na stendi. Binti wa mgonjwa wa sukari anakula kwa kuuza sukari. Walionitania kwa hilo ni wengi, na kila mmoja nimemjibu kwa ulimi wangu huu, ambao marehemu mama alisema ulichongwa siku nilipozaliwa na haujawahi kuwa butu tangu hapo.

Baba hakuwa mtu wa Kibiti. Alikuwa mtu wa delta, wa kijiji ambacho ili ukifikie unashuka Bungu, unatafuta gari la Nyamisati, kisha unapanda boti inayopinda kwenye vijito vya mikoko mpaka ukate tamaa, ndipo unafika. Ujana wake aliumalizia kwenye kukata boriti za mikoko. Ile kazi hufanywa peku. Matope ya mikokoni hayataki kiatu. Ukiingia na kiatu, kiatu kinabaki na wewe unatoka. Nyayo zake zilikuwa ngumu kiasi kwamba tulipokuwa watoto tulikuwa tunazigonga kwa kijiti na yeye anacheka. Kwenye mizizi ya mikoko kuna chaza waliogandamana, makali yao ni ya wembe, na alikuwa akiwakanyaga anasema "ah!" kisha anaendelea. Ninaikumbuka ile "ah!" kwa sababu baadaye haikuwepo.

Habari ya sisimizi aliirithi kwa mama yake. Bibi yetu alikufa amekonda, analia kiu mchana kutwa. Kijijini walijua anaumwa nini kabla ya zahanati kujengwa, kwa kuwa kopo lake la usiku likimwagwa asubuhi, jua likichomoza tu sisimizi wamejaa pale. Walisema mkojo wake mtamu. Hakuna aliyehitaji maelezo zaidi ya hayo.

Kwa hiyo baba alipoanza kuamka amka usiku, naye alijipima. Kila alfajiri kabla ya kutawadha alimwaga kopo lake kwenye shina la mnazi nyuma ya ua. Baada ya jua kutoka alirudi pale, akachuchumaa, akalaza kiganja juu ya mchanga na kungoja. Kuangalia kwa macho hakukumtosha, maana macho yake yalishaanza kuingia ukungu. Aliwangoja wampande. Wakimpanda mkononi, alikung'uta mkono na kwenda zake kwenye mpunga. Alinisimulia haya nilipokwenda kumwona, kwa sauti ileile aliyoitumia kunieleza kwamba ngedere wameingia shambani.

"Baba, huo ni ugonjwa," nikamwambia. "Twende hospitali."

"Najua kuwa ni ugonjwa. Sisimizi hadanganyi. Sasa hospitali wataniambia nini kipya?"

Nilimleta Kibiti kwa kumvuta. Muuguzi wa kliniki ya sukari, mama mmoja mpole wa kutoka bara, akamchoma kidole, akaweka tone la damu kwenye kijikaratasi, mashine ikasoma. Baba akaitazama ile namba kwa dharau. Akapewa vidonge vikubwa vyeupe vya kumeza baada ya kula, akaambiwa apunguze wali, apunguze ndizi, chai anywe bila sukari, na miguu aikague kila siku na asitembee peku. Hilo la peku lilimchekesha mpaka akakohoa.

Vidonge vilimsumbua tumbo. Mtu mzima mwenye heshima zake anakatisha swala kukimbilia chooni, kwake hiyo ilikuwa aibu kuliko ugonjwa wenyewe. Muuguzi alisema tumbo litazoea, na kweli lilikuwa linaanza kuzoea. Ndipo shemeji yangu akaja na uyoga.

Shemeji huyu ni mume wa mdogo wangu. Walikuwa wakiishi na baba kijijini, nyumba yao na yake zinatazamana, ua mmoja. Alikuwa mnunuzi wa kaa, anawakusanya kwa wavuvi na kuwapeleka Nyamisati. Si mtu mbaya. Nalisema hilo mapema kwa kuwa huko mbele nitasema mengine. Kuna watu walimwita Dar es Salaam kwenye semina, akarudi amevaa tai. Tai, kijijini kwetu, ambako hata mwalimu mkuu huivaa siku ya mwenge tu. Mkononi alikuwa na mkoba, na ndani ya mkoba mikebe yenye picha ya uyoga mwekundu, mgumu, unaong'aa kama uliopakwa vanishi.

Siku hiyo nilikuwepo. Alikaa mbali na mkeka wa baba, kama mkwe anavyotakiwa kukaa, akazungumza akitazama chini. Akasema uyoga huu unasafisha damu, unaamsha kongosho lililolala, unaondoa sukari mwilini moja kwa moja, na watu wametoa ushuhuda. Hilo neno kongosho nilimwona alivyolitamka kwa tahadhari, kama mtu anayebeba yai.

"Mgeni njoo, mwenyeji apone," baba akasema, na wote tukacheka.

"Ila baba, dawa hii ina mwiko," shemeji akasema. "Haitaki kuchanganywa na ya hospitali. Zikikutana tumboni zinagombana."

Hapo ndipo baba alipokamatika, na mimi niliona, nikadhani ni heshima tu ya mkwe. Dawa zote alizozijua maishani mwake zilikuwa na mwiko. Hii usiruke kaa la moto, hii usimpe mtu mkono mpaka jua lizame, hii usile samaki asiye na magamba. Dawa isiyo na mwiko, kwake, haikuwa dawa kamili. Vile vidonge vyeupe alipewa bila mwiko, ameze tu baada ya kula, kama vile ni mboga. Huu uyoga ulikuja na masharti yake, ukamwekea mipaka, ukamwambia chagua. Isitoshe ulitoka mkononi mwa mkwe, na kwetu kinachotoka kwa mkwe hakirudishwi. Utakirudisha vipi bila kumvua nguo mbele ya mkewe?

Nilipomrudia muuguzi kumweleza, hakutukana kama mimi ningetukana. Alisema, "Uyoga ni mboga nzuri, mama. Mwambie mzee ale akitaka. Lakini vidonge asiache." Nikampelekea baba maneno hayo kwa simu. Alichukia. Dawa ya mkwewe kuitwa mboga!

"Huyo muuguzi alipimwa na nani akili?" akaniuliza.

Akaacha vidonge. Alivifunga kwenye kitambaa akaviweka juu ya boriti ya paa, kwa sababu hata alipoviacha hakuthubutu kuvitupa. Nikagombana naye, nikagombana na mdogo wangu, nikamwambia shemeji kwenye simu kwamba kama ana uchungu sana na kongosho la baba, aanze na la kwake. Alinijibu kwa adabu, "Dada, subiri uone matokeo." Adabu yake ilinikera zaidi kuliko kama angenitukana.

Baada ya muda mikebe ikaadimika. Wale wa semina walihama na ofisi yao, simu zao zikawa hazipatikani, shemeji akavua tai akarudi kwenye kaa, huku anakwepa kuonekana barazani. Mimi kwa ubaya wangu nikafurahi. Nilidhani mambo yameisha, baba atapanda juu ya boriti achukue vidonge.

Sikumjua baba yangu. Yeye alikuwa amekaa na mkebe mtupu, ameuleta karibu na macho, anaigeuzageuza ile picha. Kisha akamwambia mdogo wangu, "Huu mie naujua. Huu unaota kwenye magogo yaliyolala, kule mikokoni. Tulikuwa tunaupiga mateke tukitafuta pa kukaa." Na akacheka kwa furaha ya mtu aliyegundua kwamba kitu anachouziwa kimekuwa chake siku zote.

Je, ulikuwa ni uleule? Sijui, na yeye hakujua. Ulikuwa mgumu, mwekundu wa kahawia, umeshikana na gogo ubavuni. Uyoga ni uyoga, alisema. Maji yakipwa aliingia mikokoni na panga, peku, kama kijana, na macho yale ya ukungu, akarudi na kikapu. Mdogo wangu aliuanika kwenye ungo, akautwanga kwenye kinu, na hautwangiki kirahisi, ni kama kutwanga ubao. Akauchemsha mpaka maji yakawa meusi. Nilionja siku moja. Ulikuwa mchungu kiasi kwamba nilielewa kwa nini mtu angeamini kuwa ni dawa.

Basi ikaja ile simu. Nilikuwa nageuza vitumbua, nikaibana simu kwa bega.

"Mwanangu, wameondoka."

"Nani, baba?"

"Sisimizi. Leo hakuna. Jana hakuna, juzi hakuna. Nimeweka mkono mpaka umekufa ganzi, hapandi hata mmoja. Mie nshapona."

Sijawahi kuisikia sauti ya baba ikiwa vile. Hata mama alipokuwa hai. Ilikuwa sauti ya mtu aliyetoka jela. Nikamwambia njoo tupime kwa mashine tuhakikishe. Akanijibu kwamba mashine ina betri na betri huisha, sisimizi hana betri. Atafuata nini pale kama hamna sukari? Mantiki yake haikuwa na tundu. Nilibaki nimeshika mwiko wa kugeuzia, kitumbua kimoja kikaungua, na moyoni, siwezi kukataa, kulikuwa na sehemu iliyosema huenda kweli. Akachinja jogoo akaita majirani wakasoma dua. Shemeji akarudi barazani. Nililetewa mchele mpya kwa boti, zawadi ya kupona kwake, nikausagia vitumbua.

Kisha kimya. Simu akawa anaipokea mdogo wangu, anasema mzee kalala, mzee yuko shamba. Siku moja mama mmoja wa kijijini, aliyekuja Kibiti kununua vitenge, akakaa kwenye benchi langu anakunywa chai. Nikamuuliza habari za nyumbani. Akasema njema, kisha akasema, "Ila mzee wako siku hizi hatumwoni msikitini."

Niliacha karai kwa jirani nikaondoka siku ileile. Baba yangu aliswali swala za jamaa msikitini akiwa na homa, akiwa na msiba, mvua ikinyesha. Mtu kama huyo haachi msikiti kwa kuwa amepona.

Harufu niliipata kabla sijamwona. Alikuwa amelala kwenye kitanda cha kamba, mguu wa kulia umezungushiwa kanga ya zamani ya mama. Alisema ni kijidonda tu, chaza walimchana alipokwenda kuchuma uyoga. Hakujua ni lini hasa. Hakuhisi. Aliona damu kwenye mkeka akadhani ni ya kuku. Kile kidonda walikuwa wakikinyunyizia unga wa uyoga, kwa kuwa kinachosafisha ndani husafisha na nje. Nilipofungua kanga, nyama ya unyayo ilikuwa nyeusi, vidole viwili havikuwa tena vidole, na ule unga ulikuwa umegandia pale kama tope lililokauka.

Nilipiga kelele. Sijui nilisema nini, najua tu kwamba mdogo wangu alikuwa analia na shemeji amesimama mlangoni hajui aingie au akimbie. Baba peke yake ndiye aliyekuwa mtulivu.

"Unalia nini? Kidonda hukataa kupona kwa mwenye sukari. Mie sina. Hiki kitapona."

Kumtoa kule ilibidi kusubiri maji yajae boti ipite. Tulimlaza kwenye boti ya kaa ya shemeji, kati ya matenga, tukashuka naye hadi Nyamisati. Pale bandarini watu walikuwa wanasubiri boti ya Mafia, wametandaza mizigo yao, na tulipopita na baba walisogea na kufunika pua. Walijitahidi tusione. Tuliona.

Hospitali walimchoma kidole, mashine ikasoma juu kuliko inavyojua kusoma, ikaandika neno badala ya namba. Baba akauliza wamepata ngapi. Daktari akamweleza kwamba sukari imepanda mpaka mashine imeshindwa.

"Si nilisema," akaniambia. "Mashine zao mbovu. Waambie wachukue kopo langu wakamwage nje, waone."

Daktari alikuwa kijana mwenye haya. Akasema mguu lazima ukatwe, chini ya goti kama tutawahi, na kama tutachelewa basi juu ya goti, na tukichelewa zaidi hakutakuwa na la kukata. Baba aliuliza kitu kimoja tu, kama ataweza kuswali akiwa na mguu mmoja. Akaambiwa ataweza, amekaa. Akaweka dole gumba lake kwenye wino. Walikata juu ya goti.

Wengine huuachia hospitali wauchome. Sisi kwetu kiungo cha Muislamu ni cha kuzikwa. Imamu alituambia hakiswaliwi, maana mwenyewe yu hai, lakini kinafungwa kwenye kitambaa safi na kufukiwa kwa heshima. Nikanunua kipande cha bafta ya sanda, muuza duka akauliza kama ni cha mtoto mchanga, nikasema ndiyo. Shemeji ndiye aliyeubeba. Hakuna mwanamume mwingine wa karibu aliyekuwepo, na nadhani hata angekuwepo, yeye angeung'ang'ania. Aliupakata kwa mikono miwili nyuma ya bodaboda, ule mguu mzito kuliko tulivyodhani, akaenda makaburini uso umemshuka. Nilikuwa nimeandaa maneno ya kumwambia, makali, ya kutosha kumfukuza mjini. Nilipomwona hivyo nikayameza. Sijawahi kumwambia mpaka leo, na bado yananikera kooni.

Wanawake hatuendi makaburini, kwa hiyo mimi na mdogo wangu tulibaki uani kwangu. Yeye alikaa juu ya kinu kilicholala, amejikunyata ndani ya kanga. Akasema, "Dada, nina neno."

"Sema."

"Wale sisimizi hawakuondoka. Mimi niliwamwagia majivu."

Nikamtazama.

"Mzee alikuwa halali. Anaamka, anakwenda, anaweka mkono, anarudi anakaa kitandani ameinama. Kila siku. Uyoga anakunywa, sisimizi wapo. Uso wake, dada, hukuuona. Nikasema nimpumzishe. Kila akimaliza kumwaga kopo, nachota majivu ya jikoni, ya baridi, nayachanganya na mchanga. Nilitaka alale. Sikujua kwamba atachinja jogoo. Alipochinja jogoo ningesemaje?"

Mchelea mwana kulia hulia mwenyewe, na huyu alimchelea baba yake. Nilitaka kumpiga. Ni mdogo wangu, nilimbeba mgongoni, na mkono ulininyanyuka wenyewe. Kisha nikamwona hakukinga hata uso, nikaushusha. Nikamwambia asimwambie mtu, hasa baba. Tulikaa vile mpaka mumewe akarudi, viatu vyake vina udongo mwekundu, akasema tumemaliza.

Baba hakurudi delta tena. Nilikaa naye hapa Kibiti, na kwa muda huo karai nikalihamishia uani kwangu. Nilimpa vidonge mwenyewe, muuguzi akamwanzishia na sindano, akajifunza magongo akaanguka, akajifunza tena. Alichoka kwa namna ambayo haikuwa ya mwili. Mara moja akaniomba kwamba akifa asipelekwe kwa mama kule kijijini. Azikwe karibu na mguu wake, kwa kuwa siku ya kufufuliwa hatakuwa na nguvu za kuutafuta. Nilimwambia aache maneno hayo. Lakini mguu wa kushoto nao ulishaanza, kidole kidogo kilikuwa na rangi ya zambarau, na wote wawili tulikiona kila asubuhi nilipomwosha.

Asubuhi moja nilimtoa nje nikamkalisha kwenye mkeka, karibu na mpapai. Kopo lake nilikuwa nimelimwaga pale alfajiri, bila kuwaza. Nikarudi kwenye karai. Nilipogeuka nilimwona ameinama upande, amelaza kiganja kwenye mchanga.

Nilitaka kumwita. Sikuita. Mafuta yalikuwa yanachemka na wateja wamesimama, na mimi nilikuwa namtazama baba yangu anavyongoja.

Wakampanda. Niliwaona kutoka pale nilipokuwa, mstari mweusi kwenye vidole, kwenye kifundo cha mkono, ndani ya mkono wa kanzu. Hakuwakung'uta.

Nikaenda nikapiga magoti pembeni yake, nikaanza kuwapangusa kwa kanga. "Hawa wa kwangu, baba," nikasema. "Huu uwanja wote sukari. Namwaga uji wa vitumbua hapa kila siku, hawaishi. Hawakukufuata wewe."

Mimi huyo, mwenye ulimi wa kuchonga. Nilishangaa jinsi uongo ulivyotoka laini.

"Na weye usiwe kama mdogo wako," akasema.

"Mdogo wangu kafanya nini?"

"Majivu."

Nikaacha kupangusa.

"Mkono huu mwanangu umelima, umekata boriti, umewapikia uji nyie wawili mama yenu alipokuwa anaumwa. Hauyajui majivu?" Alikuwa haniangalii. Aliangalia ule mpapai, au alipodhani kuwa mpapai upo. "Siku ya kwanza tu niliyajua. Laini. Mchanga si laini vile."

"Ulijua," nikasema. "Ulijua, na ukachinja jogoo? Kwa nini hukumwambia, baba?"

Wateja waliniita, nikawapungia mkono wasubiri.

"Ningemwambia," baba akasema, "angeacha kuyamwaga."

Kisha akaomba maji. Nikamletea, akayanywa yote, akaomba mengine.